Pasi Iliyochosha Mota

Vuuu… vuuu… vuuu!

Zeddy aliusikia mlio huo akiwa bado bombani, akautua mtungi. Mota ya mashine ya unga haikulia hivyo asubuhi. Sasa ilikoroma kama ng'ombe aliyekwama topeni. Alikimbia.

Baba yake, Mzee Kosgei, alikuwa akimimina mahindi bila wasiwasi. Miaka mingi ya kusaga ilikuwa imemwibia masikio. Zeddy ndiye aliyemsikilizia mota kila Jumamosi.

"Kosgei, mashine yako inakohoa!" Mama Wamaitha alitania kwenye foleni. "Ama umeiletea baridi ya kwenu Molo?"

Wanawake walicheka. Bwana Bashir, mwenye mashine, hakucheka.

"Mota hii ikiungua, Kosgei, utafunga virago leo leo."

"Zeddy, inasemaje?" baba aliuliza kwa sauti kubwa.

Zeddy aliyatupia jicho magunia. Muda mfupi uliopita alikuwa amechomeka pasi kuukuu ukutani, kando ya mashine, anyooshe gauni la kanisani. Kitu kililia pa! ndani ya sanduku la umeme, pasi ikapoa, naye akaificha nyuma ya magunia. Mota iliendelea kuzunguka, akaona ni salama, akaenda kuteka maji.

"Inalia vizuri, baba."

Harufu ya kuungua ilijaa chumbani. Baba aligusa mota, akauvuta mkono upesi.

"Umeishindilia mahindi mengi!" Bashir alifoka. "Nenda zako!"

Baba aliinamisha kichwa.

"Zima, baba, zima!" Zeddy alipiga kelele. "Ni mimi! Pasi yangu!"

Kosgei alivuta swichi. Fundi Owuor wa karakana jirani aliitwa. Alifungua sanduku, akaonyesha fyuzi moja iliyoungua kati ya tatu, ile ya waya uliolisha pasi.

"Mota hii huvutwa na nyaya tatu," alisema, "kama jozi tatu za ng'ombe wa plau kule Mau Narok. Jozi moja ikitoka, mbili huvuta hadi zife. Umeme usipogawanyika sawasawa, mota hupata joto jingi na kusaga kidogo. Dakika chache zaidi, mngeizika."

Mota ilipopoa, fyuzi mpya ikatiwa. Mota ikawashwa, ikaimba. Bashir alikohoa kidogo. "Haya, Kosgei. Watu wanangoja unga."

Baba alimgeukia Zeddy. "Pasi ilichoma fyuzi tu. Lile neno 'vizuri' ndilo lingetufukuza hapa. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka; likifichwa huunguza hata wasio na hatia."

Zeddy alifuta machozi, akasema kwa sauti ambayo hata baba aliisikia: "Nitakuambia kila ninachosikia, baba, hata kosa likiwa langu."