Dhamana ya Spana Nyekundu

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile. Huyu anataka misumari, yule anataka rangi, mwingine anabishania bawaba. Fundi bomba akapenya katikati yao, ovaroli ya bluu imekunjwa mikono, kilemba cha manjano kichwani, vipuli vidogo vikimeremeta masikioni. Alipofika kaunta akatua spana kubwa ya bomba, nyekundu, taya lake moja limekatika.

"Hii ina dhamana ya maisha," alisema. "Imeandikwa hapa mpinini. Nataka nyingine."

Muuzaji aliyeipokea alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hata kola inasimama yenyewe. Wenzake walimwita Mdadisi, maana hakikupita kitu mkononi mwake bila kukigeuzageuza.

"Maisha ya nani, dada?" akauliza akitabasamu. "Yako au ya spana?"

"Ya baba yangu, mwenye spana. Na keshatangulia mbele ya haki."

Tabasamu likamfia mdomoni. "Pole sana. Ulimi wangu huu hauna breki."

"Unazo, ila huzikanyagi."

Mdadisi akaisogeza spana kwenye mwanga, akachungulia pale ilipokatikia kama daktari wa meno. Kisha akashusha nyingine ya bluu kutoka rafuni, akazilaza pamoja. "Unajua hizi ni ndugu? Waliokuwa wakitengeneza nyekundu waliuza jina lao zamani. Aliyelinunua ndiye mwenye bluu, na hata zile za kijani kwenye kapu."

"Usinitanie. Baba alikuwa hagusi bluu. Alisema ni bati tupu."

"Mwenye mali ni mmoja, lakini viwanda mbalimbali na chuma mbalimbali. Watoto wa tumbo moja, mmoja mchapakazi, mwingine goigoi."

Fundi akacheka bila kutaka. Akamwachia spana aipeleke kwa wakala wa kampuni, akamwachia na namba ya simu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya spana. Ya pili nayo, kidogo.

"Wakala wamejibu?"

"Bado. Nimepiga tu nijue umeamkaje."

"Nimeamka na bomba la mteja lililopasuka. Wewe je?"

"Mimi nimeamka na wewe kichwani."

"Hebu niache, maji yananijaa viatuni!" Lakini hakukata simu.

Jumapili wakawa wanatembea mjini, Fundi ndani ya gauni la kijani lililomkaa hasa, wakisimama kwenye vioo vya maduka na kubahatisha: koleo hii ya nani, nyundo ile binamu yake nani? Kumbe majina chungu nzima yana mwenye nyumba mmoja! Kwa Fundi ilikuwa kama kugundua kwamba majirani wote wa mtaani ni ukoo mmoja na hakuna aliyemwambia.

Jioni moja Mdadisi akamletea spana mpya, nyekundu. "Wamekubali, mpenzi." Fundi akaikumbatia spana, halafu akamkumbatia aliyeileta.

Furaha hiyo haikudumu. Alipopita dukani kununua tepu ya kuzibia maungio, keshia, mama wa makamo asiyejua kuhifadhi neno, akamwuliza, "Mwanangu, spana uliyonunuliwa na mchumba inakufaa?"

"Kununuliwa?"

"Ee. Karani wa wakala alimkatalia. Alisema wenye jina wa sasa hawahusiki na ahadi za wenye jina wa zamani. Basi kijana wa watu akainunua kwa pesa yake mwenyewe."

Fundi akapiga simu pale pale mlangoni. "Umenidanganya."

"Nilitaka ufurahi, mpenzi."

"Nilikuja kudai haki yangu, sikuja kuomba sadaka! Leo umenificha hili, kesho utanificha lipi?"

Akakata. Baada ya hapo simu yake ililia kila siku mpaka ikachoka.

Mama yake alimwona anavyobamiza sufuria. Aliposimuliwa kisa, akauliza, "Unajua baba yako aliipendea nini nyekundu?"

"Ubora."

"Ubora! Siku aliyoinunua, dukani bluu zilikuwa zimekwisha. Alirudi kanuna. Ubora aliujulia mbele ya safari."

Fundi akaweka sufuria chini. "Mbona hakuniambia?"

"Aliona raha ulivyokuwa ukimwamini. Wanaotupenda nao wana ujinga wao. Kamkaripie mwenzio, ila kamkaripie uso kwa uso."

Kesho yake Fundi akampigia. "Spana yangu mbovu iko wapi?"

"Ninayo."

"Ilete. Tunakwenda kwa wakala, mimi na wewe. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Meneja wa wakala, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, akaikagua spana kwa makini. "Karani wetu alikosea. Tulipolinunua jina hili tulichukua na ahadi zake. Ila tunabadilisha yenye kasoro ya kiwanda tu. Niambie, uliwahi kuchomeka kipande cha bomba mpinini ili kuongeza nguvu?"

Mdadisi akamtazama Fundi. Neno moja dogo, hapana, lingemaliza kazi.

"Nilichomeka. Nati ilikuwa imeshikwa na kutu."

"Basi hatuwezi kuibadilisha. Lakini asante kwa kusema kweli."

Walipotoka nje vicheko vikawashinda. "Ungekana tu!" alisema Mdadisi.

"Halafu nikukaripie wewe kwa mdomo gani?"

Mdadisi akaacha kucheka. "Nisamehe. Kuanzia leo habari mbaya nitakuletea ingali mbichi."

"Na nikikasirika?"

"Ukasirike nikiwepo."

Jirani na ofisi ile, mafundi walikuwa wakikata vyuma na mashine zinapiga mayowe. Mdadisi akasema jambo.

"Nini?" akauliza Fundi.

"Nataka kukuoa!"

"Sisikii, vyuma hivyo!"

"Nataka kukuoa!" Akapaza sauti hata mafundi wakazima mashine na kugeuka, mtaa mzima ukanyamaza.

Fundi alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Akamjibu kwa sauti ya chini kabisa, ili asogee karibu.