Mahindi Sita

Siku Nelima alipokutana na Nicholas Kimutai, stesheni ya Eldoret ilikuwa imejaa watu mpaka huwezi kugeuza shingo. Treni ya Nakuru ilikuwa imechelewa, wapagazi wanagombana, kuku wa watu wamefunguka, na mvua inapiga mabati kwa hasira. Nelima alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, viatu amevishika mkononi visiingie tope. Tajiri wake, Mhindi mwenye duka la nguo, alikuwa amemtuma achukue robota la kitambaa.

"Jina?" karani wa mizigo aliuliza bila kuinua macho.

"Nelima."

"Nimeuliza jina la mwenye mzigo, si la mwenye kubeba viatu kama mayai."

"Kumbe umeniona! Nilidhani macho yako ni ya karatasi tu."

Kimutai akainua kichwa, akacheka. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, koti la reli limemkaa vizuri mabegani. Lile robota alilibeba mwenyewe mpaka dukani, na wapagazi wakamcheka wiki nzima.

Tangu hapo simu ya duka haikupoa.

"Halo, hapa ni stesheni. Kuna mzigo wenu umefika."

"Mzigo gani tena?" Nelima anauliza, huku tajiri anamkodolea macho.

"Ni mimi hapa. Mpenzi, utakuja kuuchukua lini?"

"Nitakuja jioni, bwana," anajibu kwa sauti ya kazi, na mkono umefunika kicheko.

Walipendana, ndiyo. Mimi sipendi kutia chumvi, lakini lokesheni nzima, ule mtaa wa wafanyakazi Waafrika, ilijua. Walikubaliana kwamba mwezi wa nane wazee wa Kimutai wangekwenda kuposa kwa baba yake Nelima, na Nelima akaanza kushona shuka usiku kucha kama mtu aliyelipwa.

Sasa, pale lokesheni kulikuwa na chama cha akiba, mali ya wanachama wenyewe: mafundi, makarani, wauza mboga, wapishi wa Wazungu. Nelima alikuwa karani wake kwa sababu hati yake ilisomeka. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wilson, mwenye hoteli ya chai, tangu chama kianze. Kila mwaka watu waliambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka, na kila mwaka mstari wa Wilson ulifika barabarani. Nani angemgeuzia mgongo mzee wa watu huku anamwangalia usoni?

Mwaka huo wa 1951 Kimutai alisimama kugombea, na Nelima akashikilia kwamba kura iwe ya siri.

"Kila mtu atapewa punje moja ya mahindi na moja ya maharagwe," aliwaeleza wanachama. "Mahindi ni Kimutai, maharagwe ni Mzee Wilson. Nyuma ya blanketi kuna debe. Unatia unayemtaka. Ile nyingine tupa kwa gunia. Hakuna atakayekuona."

"Na wewe karani, wewe ni wa nani?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka. Nelima alihisi uso unawaka.

"Mimi ni wa chama," alisema.

Walipiga kura watu sitini na mmoja. Debe likamwagwa mezani mbele ya wote, na Nelima akahesabu kwa sauti. Maharagwe thelathini na moja. Mahindi thelathini na sita. Kimutai alianza kutabasamu, halafu akaona Nelima ameganda. Punje zilikuwa sitini na saba.

"Sita zimezidi," Nelima alisema polepole.

"Mahindi yaliletwa na nani?" Mzee Wilson aliuliza, kwa upole kabisa.

Yaliletwa na Kimutai. Aliyabeba kwenye mfuko wa koti. Watu wakapiga kelele autoe mfuko nje, akautoa, na punje tatu nne zikaanguka chini, zile zilizobaki kwenye mshono. Hapo kelele ikawa kubwa zaidi. "Mwulizeni karani! Karani ni mchumba wake! Walipanga!"

Kimutai hakuwaangalia hao. Alimwangalia Nelima, akingoja.

Ah, Nelima. Neno moja tu lingetosha. "Umefanya hivi?" basi. Lakini aliogopa kwamba akimwuliza kwa upole watasema anamficha, na akatafuta sauti ngumu kuliko zote alizokuwa nazo.

"Mahindi sita ni ya wizi," alisema. "Tukiyatoa, Kimutai ana thelathini. Mzee Wilson ameshinda. Na mtu anayeiba kura hawezi kugombea tena katika chama hiki."

Watu wakapiga makofi. Wakasema karani huyu ni wa haki kweli. Kimutai alivaa kofia yake, akatoka. Wiki ile ile aliomba uhamisho, akapelekwa Timboroa, kule juu ambako baridi huingia mpaka kwenye meno.

Mwezi wa nane ulifika na hakuna mzee aliyekwenda kwa mtu. Nelima alishona nguo za watu wengine kimya kimya. Alijiambia kwamba alifanya haki, na kila alipojiambia hivyo alilia.

Asubuhi moja alikwenda sokoni kununua mboga ya sukuma kwa Mama Rosebella, mjane aliyekuwa mwanachama wa zamani.

"Binti yangu, umekonda," mama alisema. "Kile kijana cha reli kilikuwa kizuri. Mimi nilimpa kura."

"Ulimpa mahindi, Mama?"

"Nilimpa. Na Wilson pia nilimpa yake."

Nelima akaweka kikapu chini. "Mama, ulitia zote mbili?"

"Sasa nifanye nini? Wilson alinisaidia kumzika mzee wangu. Kimutai huniandikia barua za mtoto wangu. Nimnyime nani? Nilisikia ulivyosema, lakini kutupa mtoto wa mtu kwa gunia, hapana. Hata jirani yangu Esther alitia zote. Hata wale wazee wa kanisa."

Siku hiyo Nelima hakwenda kazini. Alipita nyumba kwa nyumba, na kufika saa tisa alikuwa amewapata sita, wote wazee, wote wakishangaa kwamba kuna kosa. Aliketi kwenye ngazi ya mtu akapiga hesabu kwa vidole. Toa sita kwa mahindi, thelathini. Toa sita kwa maharagwe, ishirini na tano. Kimutai alikuwa ameshinda. Alishinda kwa haki, na yeye alimwita mwizi mbele ya watu.

Aliita mkutano akayasema yote bila kujificha. Mzee Wilson, nampa sifa yake, aliinuka kwenye kiti mwenyewe. Kisha Nelima akakimbia stesheni, akamsihi karani mpya wa mizigo mpaka akamwunganishia simu ya reli.

"Timboroa," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya Kimutai.

"Nicholas, ni mimi. Nilikosea. Wazee walitia punje zote mbili. Kiti ni chako, wanachama wamekubali."

Upepo wa Timboroa ulisikika ndani ya waya.

"Nashukuru," alisema.

"Nashukuru tu? Niseme nini, mpenzi? Nisamehe. Niliogopa watasema nakupendelea."

"Najua. Ndiyo maana ulinipa mimi haki kidogo kuliko ambayo ungempa mtu usiyemjua. Mwingine ungemwuliza kwanza."

Nelima alilia na hakuficha. "Bado nakupenda."

"Na mimi, Nelima. Hiyo ndiyo shida yangu huku usiku. Lakini kila nikikuwaza nasikia ile sauti uliyoniitia mwizi, na sijui nitalala vipi karibu nayo." Akavuta pumzi. "Jumamosi nitakuja. Watu walinichagua, nitawatumikia."

"Na sisi?"

"Treni inaingia. Lazima niweke simu chini."

Jumamosi alikuja na treni ya asubuhi, koti limepigwa pasi, amekonda. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, na Nelima akiwa kando yake na daftari, karibu sana mpaka alisikia harufu ya sabuni yake.

"Karani, tafadhali," alisema, "ita majina."

Nelima akaita. Rosebella, yupo. Esther, yupo. Wilson, yupo. Alipofika kwenye jina lile sauti ilimkatika, akaanza upya.

"Nicholas Kimutai."

"Nipo," alijibu, kama walivyojibu wengine wote, macho yake yakiwa kwa wanachama.

Nelima akatia alama, akaita jina linalofuata.