Kijitabu Kilichokuwa Hakijafunguliwa

Kila siku Rudayna alirudi kutoka shuleni saa nane mchana, akavua joho lake la kijani, akala alichowekewa, kisha akajilaza mbele ya televisheni mpaka jua lipungue. Mjini Azraq, kando ya jangwa, mwezi wa tisa bado kuna joto, na kila mwenye nguvu alikuwa shambani kwenye makomamanga. Dada yake Ibtihal, mwanafunzi wa biolojia chuoni, tawi la mazingira, alikuwa huko tangu alfajiri akichuma pamoja na mama.

Ndiyo maana siku moja Ibtihal alimwekea mezani kijitabu kipya cha mpango wa masomo na karatasi kubwa nyeupe.

"Una mwandiko mzuri, na kazi huna," alimwambia. "Soma ukurasa kwa ukurasa. Niandikie masomo yangu ya mwaka wa mwisho, muhula huu na ujao, na kila somo linatanguliwa na lipi. Usiruke kitu. Ukimaliza, simu yangu ya zamani ni yako."

Rudayna alikitazama kijitabu, kinene kama mkate. Akakumbuka kwamba binamu yao Wahib alimaliza tawi hilohilo miaka mitatu nyuma, na karatasi yake ilikuwa bado kwenye droo kwa shangazi. Biolojia ni biolojia, alijiambia. Alinakili kwa nusu saa, akachukua simu, akarudi kwenye televisheni. Ibtihal akajiandikisha masomo kwa kuifuata karatasi ile.

Jumanne ya kwanza ya muhula Ibtihal aliingia nyumbani bila salamu, akaitupa karatasi mezani. Daktari Sawsan, mwalimu msimamizi wake, alikuwa ameikata kwa mistari miwili myekundu.

"Uchunguzi wa Vinamasi nitausoma muhula ujao, sivyo? Basi somo hilo halichukui mtu asiyefaulu Kemia ya Maji. Na Kemia ya Maji inafundishwa muhula huu peke yake. Umeniwekea yote mawili muhula ujao. Ufadhili wangu ni mihula minane, Rudayna. Huu ni wa saba. Wa tisa hakuna wa kuulipia."

"Nimeandika kama kijitabu kinavyosema," alisema Rudayna. Maneno yalitoka kabla hajayapima.

Baba, aliyekuwa akifunga viatu vyake mlangoni, alisimama. "Kwa hiyo karani wa chuo amewapa kijitabu kibovu. Kesho nakwenda kwake huyo karani. Na wewe Rudayna utakuja, useme ulichokisoma."

Usiku ule Rudayna hakula. Kesho yake ndani ya basi alikaa kati ya baba na Ibtihal.

Ofisini chuoni, karani Abu Nidal, mzee mwenye miwani ya kamba, alisikiliza akiwa ameukunja uso.

"Mimi kazi hii ni mwaka wa ishirini na sita," alisema.

"Basi umechoka, nenda kalale," alijibu baba. "Mtoto wangu amesoma kitabu chako, kikampoteza. Nataka jina lako liandikwe kwa mkuu leo hii."

"Andika. Jina langu ni fupi, halitakuchosha. Kitabu kiko wapi?"

Ibtihal alikitoa kwenye mkoba. Abu Nidal alikishika, akajaribu kukifungua katikati. Kurasa zilikuwa bado zimegandana kwa gundi ya kiwandani. Alizibandua moja moja, taratibu, na kila moja ililia kama kitambaa kinachochanika.

"Mzee, unatuchezea," alisema baba, sauti ikipanda. "Umekibadilisha hapa hapa. Muongo wewe."

Watu wa korido walisogea mlangoni. Abu Nidal alivua miwani, akaiweka juu ya kijitabu. Rudayna akasogea mbele ya meza yake.

"Sikukifungua," alisema. "Nilinakili ya Wahib. Mzee huyu hana kosa."

Ibtihal alimtazama kana kwamba hamjui.

Daktari Sawsan, aliyesikia yote kutoka chumba cha pili, alikuja akasimama mlangoni. "Mpango wa Wahib ni wa kundi lake. Kila mwaka wanaoingia wana mpango wao. Na wewe, Ibtihal, mwaka wa nne, unapangiwa masomo na mtoto wa shule? Muda wa kubadilisha masomo unaisha kesho saa sita mchana. Nafasi moja ya Kemia ya Maji ipo. Nataka mpango sahihi, na aliyeuharibu ndiye auandike. Wewe, dada mtu, utaukagua."

Rudayna aliandika kwenye benchi la korido, kijitabu magotini. Mara ya kwanza Daktari alipata kosa la vipindi viwili vilivyogongana, akarudisha karatasi. Mara ya pili akasema, "Rudia." Mara ya tatu, alasiri, alitia sahihi. Kemia ya Maji ilikuwa Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya masomo, saa mbili asubuhi, na basi la kutoka Azraq linaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Baba alirudi kwa karani. "Abu Nidal, nilikuita muongo mbele za watu. Nakuomba msamaha mbele yao. Twende tukanywe kahawa."

"Msamaha nimepokea. Kahawa siku nyingine, leo sina hamu nayo." Kisha mzee akamgeukia Rudayna. "Kazi usiyoitaka, ikatae mapema, utagombezwa siku moja. Ukiifanya ya uongo, anayeumia ni aliyekuamini. Na leo kidogo niumie mimi, ambaye hata hunijui. Umesema kweli kwa kuchelewa, lakini umesema."

Walipofika mlangoni kwao, Rudayna alimrudishia Ibtihal ile simu ya zamani.

"Baki nayo," alisema Ibtihal, bado amekasirika. "Weka kengele ya saa kumi alfajiri. Kila Jumapili wewe ndiye utakayeniamsha, mpaka muhula uishe."

Jumapili Rudayna aliamka kabla ya kengele.