Jina Lililotajwa Kivukoni

Leonce aliuhisi uzito kwenye keria ya baiskeli yake mara tu walipotoka majini. Akageuka. Keria ilikuwa na koti lake la mvua tu, kama alivyolifunga asubuhi, lakini tairi la nyuma lilikuwa limelala chini utadhani limebeba gunia la mahindi.

"Pancha?" aliuliza Penina, mgeni aliyekuwa akimwongoza, mwalimu wa Dodoma aliyekuja kula likizo ya Pasaka kwa kuendesha baiskeli kutwa nzima, kutoka Karatu kufuata mto mpaka mji mkongwe wa Mbulu.

"Hapana, dada. Twende tu."

Twende tu! Mtu ambaye hakupaswa hata kutoka nyumbani ndiye anayehimiza safari. Siku chache nyuma mkewe, Brigita, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume asiyepumua. Wazee wa Kiiraqw wanasema nyumba yenye msiba wa namna hiyo hujitenga. Mke na mume hawachanganyiki na watu, na zaidi ya yote hawavuki maji mpaka wasafishwe, maana mtoni wanakaa netlangw, pepo wa maji, nao huunusa msiba upesi kuliko fisi anavyonusa mzoga.

Mama yake, Cresensia, alikuwa amemzuia mlangoni alfajiri ile. "Mwanangu, mto haukimbii. Subiri usafishwe."

"Mama, mimi nimepata kipaimara. Mambo ya pepo alikufa nayo bibi."

Maneno tu hayo. Ukweli ni kwamba alikuwa anakimbia. Hakuweza tena kuvumilia kumsikia Brigita akilia chumbani huku akikamua maziwa yasiyo na mwenyewe. Alimpenda mno mkewe, na hakujua la kumfanyia.

Na kama kosa lake lingekuwa kuvuka tu, labda mto ungemstahi. Lakini katikati ya kivuko, maji yakiwa magotini, wakisukuma baiskeli, Penina alimuuliza swali ambalo kila mgeni huuliza.

"Una watoto, kaka Leonce?"

Angesema nini? Ammwagie msiba mtu aliyekuja kufurahi? "Ninaye mmoja," akajibu. "Wa kiume."

"Hongera! Anaitwa nani?"

"Emilian."

Jina hilo alilificha moyoni miezi yote ya ujauzito, hata Brigita hakuwahi kumwambia. Alipolitamka, mto ulinyamaza. Ukanyamaza kabisa, maji yanatembea bila sauti, kisha ukaanza tena kuvuma. Penina alikuwa anapiga picha, hakugundua kitu.

Sasa wakaendelea kandokando ya mto. Mashamba yalikuwa ya kijani, ukungu ukipanda taratibu kwenye vilima, akina mama wakiwapungia mikono kutoka kwenye maharage. Siku nzuri kweli. Kengele ya baiskeli yake ikalia yenyewe, kring, na mikono yote miwili ya Leonce ilikuwa kwenye breki.

"Unamkimbiza nani?" Penina akacheka. Halafu akakunja pua. "Samahani, kaka, mbona unanuka maziwa? Kama mtoto mchanga aliyecheua."

Leonce akatangulia mbele. Ile harufu alikuwa ameisikia tangu kivukoni, maziwa yaliyochacha pamoja na tope la mtoni, na kila walipovuka kijito kingine uzito uliongezeka, mpaka kwenye mlima wa mwisho akawa anakanyaga pedali kwa kusimama, mapaja yanamwaka, jasho linamwingia machoni, na mgongoni, pale shati lilipogandamana na ngozi, akahisi shavu dogo la baridi likijilaza kama mtoto aliyechoka safari anavyomlalia baba yake, wala hakuthubutu kugeuka, maana aliogopa kukiona, na Mungu amsamehe, aliogopa zaidi kwamba akikiona angekipenda.

Huko Mbulu, Penina alipokwenda kutazama majengo ya enzi za Wajerumani, Leonce alilifungua lile koti. Lilikuwa limelowa chapachapa, na katikati limebonyea kadiri ya makalio ya mtoto. Akampigia mama yake kwa mnong'ono.

"Mama, kuna kitu kimenipanda."

Cresensia naye akanong'ona. "Mtoni ulitaja jina lolote?"

Aliona aibu kukiri. "Hapana, mama."

"Una hakika, Leonce?"

"Sikutaja."

"Afadhali. Kisicho na jina hakijui nyumba ya mtu. Iache baiskeli hukohuko, upande gari, wala usigeuke. Na kitu hicho usikiite, unanisikia? Kikiitika kwako, kimekuwa chako. Kesho namleta mtu wa kuwasafisha."

Akafanya hivyo. Baiskeli aliiacha imeegemea ukuta, akaagana na Penina, akapanda gari la kurudi Karatu. Njiani mwili ulikuwa mwepesi hata akacheka peke yake. Si ameponea chupuchupu? Akanunua mkate na chupa ya asali kwa ajili ya Brigita, akaahidi moyoni kwamba hatamkimbia tena.

Giza lilikuwa linaingia alipofika. Kutoka mlangoni hadi chumbani sakafu ilikuwa na maji. Na Brigita, ambaye tangu msiba hakuwa amesema hata neno la kuomba chai, alikuwa anaimba.

Alikaa kitandani, amejifunika kanga kifuani, uso unang'aa kwa furaha. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo la kanga, na chumba kizima kilinuka tope na maziwa.

"Funga mlango, baba watoto, atapata baridi," alisema polepole. "Amekuja mwenyewe. Alikuwa na njaa, masikini! Sasa ananyonya vizuri."

"Brigita. Kiweke chini."

"Jina lake zuri. Kaniambia wewe ndiye uliyempa. Mbona ulinificha?"

"Jina gani?" Leonce alinong'ona, na kabla mkewe hajafungua kinywa, hofu ikamfanya alitamke mwenyewe: "Emilian?"

Ndani ya kanga kunyonya kukakoma.

"Naam, baba."