Hapa Hakuna Siasa

Kila akirudi shuleni, Somo alivua viatu mlangoni, akavaa kandambili, akaingia karakanani kwa baba yake kufagia maranda. Baba alikuwa seremala. Randa yake ilipita juu ya ubao, shwaa, shwaa, na maranda yakadondoka yamejikunja kama nywele za mtoto mchanga.

"Kitendawili!" Baba alisema bila kuinua kichwa.

"Tega!"

"Kinyozi wangu hunyoa asiye na kichwa."

"Randa! Baba, hicho ulikitega juzi."

"Basi fagia nywele hizo. Ujuaji baadaye."

Somo halikuwa jina lake la kitabuni. Alipozaliwa alipewa jina la shangazi yake, dada mkubwa wa baba, na shangazi akawa anamwita "somo yangu". Nyumba nzima ikafuata, mtaa ukafuata, mpaka mwalimu naye akasahau jina la daftarini. Shangazi alihamia mji wa mbali Somo akiwa darasa la pili, na siku ile mtoto alilia mpaka akapandwa na homa.

Sasa, Baba alikuwa fundi wa mbao na fundi wa maneno. Siasa aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Mteja alikuja kutengenezewa mguu wa kiti, wakabishana juu ya wabunge saa nzima, wakacheka, wakapeana mikono, mteja akaondoka, kiti amekisahau. Lakini uchaguzi uliopita si wote waliocheka. Mtu asiyejulikana alirusha jiwe, likavunja kioo cha dirisha, likatua juu ya mto wa Somo. Mungu mkubwa, mwenyewe alikuwa bafuni anapiga mswaki.

"Tuhame," Mama alisema, huku akiokota vioo. "Nimechoka."

Hawakukurupuka. Baba alikata kipande cha plaiwudi, akakitundika ukutani na kukigawa kwa penseli: upande huu mji wao, upande ule mji wa Shangazi. Wakaandika maji, shule, kazi, kodi ya nyumba. Chini kabisa Mama aliongeza swali lake kwa herufi kubwa: WATU WAKITOFAUTIANA, WANAISHIJE?

Mama alikuwa mkunga. "Mimi nazalisha wake wa vyama vyote," alisema. "Sitaki kwenda mahali nitakapoulizwa mtoto huyu ni wa upande gani kabla sijamkata kitovu."

Akampigia Shangazi simu, akaiweka sauti ya juu wote wasikie.

"Wifi yangu, njooni!" Shangazi alisema. "Hapa hakuna siasa."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa! Uchaguzi unakuja, unapita, hata kuku hashtuki. Halafu kuna karakana iko tupu, meza ya useremala imo ndani, inamngoja mdogo wangu."

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Aliweka alama ya vema mbele ya swali lake.

Likizo ilipofika, Baba na Somo walikwenda kuuona mji wenyewe. Mama alibaki kazini, lakini alimpa binti yake jukumu. "Baba yako ataangalia mbao na mabati. Wewe waangalie watoto wenzako. Ukirudi nitakuuliza wewe, si yeye."

Mji ulikuwa msafi. Mabomba yalitoa maji mchana kutwa. Shule ilikuwa na maktaba ya vyumba viwili, na Shangazi alikuwa ameshatundika pazia la maua kwenye chumba kidogo chenye dirisha. "Hiki chako peke yako, somo yangu," alisema, na Somo akamrukia shingoni.

Kitu kimoja tu kilimshangaza Baba. Karibu kila mlango ulikuwa na karatasi ya manjano, ukubwa wa kiganja, yenye picha ya kengele.

"Dada, kengele hizi za nini?"

"Aa, mambo ya chama cha hapa mjini. Mapambo tu hayo."

Asubuhi ya pili, Baba akiwa kwenye ile karakana tupu anapima madirisha, Shangazi alimtuma Somo akanunue mkate duka la mwisho wa barabara. Lakini njiani Somo alinusa mkate unaotoka jikoni. Aliifuata pua yake hadi kwenye nyumba ambayo mlango wake haukuwa na kengele. Ndani, rafu zilijaa mikate mpaka juu, na hapakuwa na mteja hata mmoja. Mwokaji, mama mnene mwenye unga mpaka viwikoni, alimtazama kwa mshangao.

"Umekosea mlango, binti?"

"Sijakosea. Naomba mkate mmoja."

Mwokaji alichungulia barabarani, kulia na kushoto, kisha akamfungia miwili. "Wewe ndiye mtoto wa seremala mpya?"

"Ndiyo, mama. Bado hatujahamia."

"Bado? Basi mwambie baba yako aulize seremala wa zamani alikwenda wapi."

"Alikwenda wapi?"

"Alikataa kubandika kengele, kama mimi. Wateja wakakata mguu. Mwanawe akakaa peke yake kwenye dawati muhula mzima, hata kalamu hakuna wa kumwazima. Mwishowe mtaa ukatia saini karatasi ya kumtaka aondoke. Akaondoka na mke na watoto. Meza ilibaki kwa sababu haikupita mlangoni."

Somo alirudi mbio. Shangazi alipoiona mikate, uso wake ulibadilika.

"Umenunua wapi hii? Nani kakuona?" Aliifunika kwa kitambaa, akaisukuma nyuma ya ndoo kama kitu cha wizi.

"Shangazi, ni kweli kuhusu yule seremala?"

Shangazi aliketi, akamvuta karibu. "Somo yangu, wewe ni mtoto mkubwa sasa. Baba yako akisikia hayo, hatakuja."

"Si atasikia tu akihamia?"

"Akihamia atakuwa keshahamia. Mtabandika kengele, yataisha. Iwe siri yetu, mimi na wewe wenye jina moja. Unataka nizeeke hapa peke yangu?"

Akambusu kwenye paji la uso. Huko nyuma busu la Shangazi lilikuwa dawa ya kila kitu. Siku hiyo Somo alilipokea kama muhuri uliopigwa juu ya mdomo wake.

Kesho yake, njiani kurudi, Baba alikuwa na furaha tele. Alitega vitendawili vitatu, Somo akajifanya amelala. Nyumbani Mama alimkalisha jikoni.

"Haya, mkaguzi wangu. Watoto wa huko wakoje?"

Somo aliikumbuka maktaba. Akalikumbuka pazia la maua.

"Wazuri."

"Wanacheza pamoja wote?"

"Wote, Mama."

Mama aliandika vema nyingine kwenye plaiwudi. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaandika barua ya kuacha kazi, aipeleke zahanati Jumatatu.

Wiki ile Shangazi alipiga simu kila siku, na kila mara aliuliza, "Somo yangu hajambo? Mbona kimya?" Wengine walisikia mapenzi. Somo alisikia onyo. Mtu aliyempenda kuliko wote baada ya wazazi wake alikuwa amempa kamba aishike na kuivuta, kumbe mwisho wa kamba wamefungwa baba na mama yake. Na yeye alikuwa anavuta.

Jumatatu asubuhi Mama alivaa sare iliyonyooshwa, bahasha mkononi. Somo alisimama katikati ya mlango.

"Mama, usiipeleke."

"Toka njiani, mwanangu, nitachelewa."

"Usiipeleke! Nilikudanganya!"

Yote yakamwagika: mkate, kengele, dawati la mtoto mmoja, karatasi ya saini, siri. Baba alitoka karakanani, patasi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Huyo mwokaji ana lake jambo. Dada yangu amenibeba mgongoni. Hawezi."

"Tumuulize," Mama alisema, akapiga simu.

"Wifi," alianza, "seremala wa zamani alikwenda wapi?"

Wakasikia bomba linatiririka upande wa pili, kisha likafungwa.

"Huyo mtoto kasema nini?"

"Sijakutajia mtoto. Nimekuuliza seremala."

"Jamani, mimi sikusema uongo! Nilisema hapa hakuna siasa. Sasa si kweli hakuna?"

"Hakuna kwa sababu mwenye lake mnamfukuza!"

Baba aliichukua simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Dada, wewe unanijua mdomo wangu. Unajua siwezi kukaa siku mbili bila kubishana. Ulitaka nije huko nikafanywe nini?"

"Nilidhani ungenyamaza kwa ajili yangu."

"Na mke wangu aache kazi, na mwanangu akakae dawati peke yake, kwa ajili yako. Halafu ukamtumia mtoto kutufunga macho."

Akakata simu. Alikaa juu ya rundo la mbao, macho yamemwiva. Somo hakuwahi kumwona baba yake hivyo.

"Na wewe," Baba alisema bila kumtazama. "Siku tatu tulikuwa wote. Nilikuwa karibu yako kama kivuli. Hukuniambia."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. Mpaka hapo Somo alijiona ni yeye tu aliyesalitiwa. Sasa aliona kwamba baba yake alisalitiwa mara mbili, na mara ya pili alisalitiwa na yeye.

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Leo ngoja kwanza niumie."

Mama aliichana barua vipande vinne, akaenda kazini. Walikubaliana kubaki mwaka mmoja zaidi huku wakiutafuta mji mwingine. Safari hii Mama alibadilisha swali. Hakuuliza tena kama mji una utulivu. Aliuliza: yule asiyekubaliana na wenzake, anauza mkate wake kwa nani? Na aliwauliza wenye mikate wenyewe, si ndugu zao peke yao.

Jumapili ya tatu Shangazi alipiga simu. Baba alisita, kisha akapokea, na wote wakasikia.

"Sikupiga kujitetea," Shangazi alisema. "Kuna jambo sikuwaambia. Ile karatasi ya kumwondoa seremala, saini yangu imo. Ni ya nne kutoka juu. Mkewe alikuwa jirani yangu, tulikuwa tukiazimana chumvi. Niliogopa, nikatia saini. Tangu siku hiyo siwezi kulitazama dirisha la karakana yao, nikataka mje ninyi mlijaze, nisahau."

Baba aliziba mdomo kwa kiganja.

"Jana nilinunua mkate kwa mwokaji," Shangazi aliendelea. "Nilipita mlango wa mbele, mchana kweupe. Naomba niongee na somo yangu."

Somo alimtazama mama yake, akatikisa kichwa.

"Hayuko tayari, wifi," Mama alisema. "Akiwa tayari atakupigia mwenyewe. Lakini hilo ulilosema leo, asante. Ungeanza nalo, labda tungekuja hata kukutembelea tu."

Simu ilipokwisha, Mama alimkalisha Somo kando yake.

"Mwanangu, mtu anayekupenda anaweza kukuomba umfichie jambo. Kabla hujakubali, jiulize ni nani ataumia asipojua. Kama ni siri ya zawadi, ficha. Kama kuna mtu atatumbukia shimoni kwa sababu hukusema, hiyo si siri, hata ikiombwa kwa busu. Ukimya una sura mbili. Kuna wa watu waliotulia, na kuna wa watu walioogopa. Kwa mbali zinafanana. Aliye karibu, mwenye macho yake, ndiye anayeweza kutuambia ni upi, na siku ile mwenye macho ulikuwa wewe."

"Ningesema tangu mwanzo, ungenikasirikia?"

"Ningekukumbatia. Ulichelewa wiki nzima, lakini ulisema kabla sijafika zahanati. Ndiyo maana leo nina kazi, na baba yako ana watu wa kubishana nao."

Somo alimwegemea. Bado alikuwa na hasira na Shangazi, na bado alimkumbuka, vyote kwa pamoja, na Mama hakumwambia achague kimoja.