Mawimbi ya Darini

Haya alinisimulia rafiki yangu mchoraji. Mdogo wake alijenga dimbwi kwenye ukumbi wenye giza kama kazi ya sanaa, taa ikimulika maji hadi mawimbi ya mwanga yakacheza darini. Watu walimsifu kila kona, huku picha za dada mtu zikila vumbi stoo. Wivu ulimkaba.

Mchana mmoja mdogo mtu akamwambia, "Dada, hebu kaniangalizie pampu ya dimbwi."

Akaenda; ukumbini hakukuwa na mtu. Akazima pampu, akazima taa, akang'oa kizibo. Maji yakagugumia yakitoka, kisha kimya.

"Sasa tuone watasifu nini," akanong'ona.

Alipoinua macho, mawimbi ya mwanga yalikuwa bado yanacheza darini, na katikati yake kivuli cha mtu aliyeinama kilikuwa kikinawa uso, taratibu.