Alinipa Jina, Akaliweka Rehani

“Dada, wewe huoni hata aibu? Nimeagiza mito ya sufi, umeniletea gunia la vipande vya sponji!”

Mteja alifoka kwenye simu mpaka shoga yangu, fundi mwenzangu, akasimamisha cherehani asikie vizuri. Umbea nao ni kazi.

“Mama, kwani uliagiza wapi?”

“Kwenye tovuti yenu! Namba ya huko hampokei, hii nimepewa na jirani. Tulizo! Kwani Tulizo mko wangapi?”

Tuko mmoja. Tulizo ni mimi. Ndilo jina lililoshonwa kwenye kila foronya inayotoka karakana yangu, na nimelisajili kama alama ya biashara, cheti kinaning'inia ukutani. Nikafungua tovuti. Picha zangu, kitanda changu, hata maneno yangu ya kuisifia sufi. Namba ya simu tu ndiyo haikuwa yangu. Nilipoiona, damu ikanichemka.

“Ya nani?” shoga akauliza.

“Ya yule mpumbavu.”

Mpumbavu mwenyewe ni aliyekuwa mchumba wangu, fundi wa tovuti. Ndiye aliyeanza kuniita Tulizo, tulizo la moyo wake, enzi hizo kila anachosema naona asali. Nilipofungua biashara nikalitumia jina hilo, naye akasema, “Mpenzi, mambo ya tovuti niachie mimi.” Nikamwachia. Kumbe anwani ya tovuti aliiandikisha kwa jina lake! Tuliachana kwa sababu alitaka nikishaolewa nifunge karakana. Mke wake, eti, hawezi kushinda na sufi kichwani. Sasa jamani, mtu aliyeionea aibu mito yangu ndiye anauza mito kwa jina langu!

Nikampigia.

“Tulizo wangu! Nilijua tu utapiga.”

“Koma! Rudisha anwani yangu.”

“Yako? Jina nililitunga mimi, anwani nailipia mimi. Wewe ulikuwa unatumia tu.”

“Watu wananitukana kwa takataka unazowauzia!”

“Basi njoo tuzungumze kama watu wazima.”

“Tuzungumze nini, mwizi mkubwa wewe?”

Akakata simu. Sijakaa sawa, ujumbe ukaingia:

“Mpenzi, hasira hasara. Nikubalie turudiane. Siku ya ndoa nakukabidhi anwani, iwe zawadi yako ya harusi. Ukikataa, naendelea kuuza. Nakupenda sana.”

Nikamsomea shoga yangu. Akapiga makofi.

“Makubwa haya! Yaani anakuhonga kwa mali yako mwenyewe?”

“Na anasema ananipenda.”

“Mshtaki huyo. Ukimchekea atauza mpaka jina la mama yako.”

Nikapeleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya anwani za tovuti. Habari zikafika kwao yule mpumbavu, maana mama yake alinipigia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mambo ya mapenzi mnayapeleka kwa watu baki? Si myamalize ndani?”

“Mama, huyu ananizibia riziki. Wateja wanakimbia. Mafundi wangu wanakula kwa jina hilo.”

“Ana machungu ya kuachwa tu. Anakupenda.”

“Mapenzi gani hayo ya kumharibia mtu kazi?”



“Haya. Na mimi nitakuja nimsemee mwanangu.”

Siku ikafika. Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, feni inalalamika juu yetu. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani iko kwenye ncha ya pua, na hakuwa mtu wa porojo.

“Naangalia mambo matatu. Anwani inafanana na alama ya nani? Aliyeishika ana haki gani nayo? Na je, ameitumia kwa nia njema? La kwanza limekwisha, cheti hiki hapa. Kijana, haki yako ni ipi?”

Akasimama. Shati limenyooshwa, marashi yananukia mpaka mlangoni.

“Mheshimiwa, huyu nilimwita Tulizo kabla hajashona hata mto mmoja. Muulize.”

“Ni kweli?”

Nilijua hapo ndipo naweza kulikosa jina. Lakini uongo siuwezi.

“Ni kweli.”

Akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyekwishashinda. Msuluhishi akamgeukia.

“Ulipomwita hivyo ulikuwa unauza nini?”

“Sikuwa nauza chochote. Nilikuwa nampenda.”

“Kwa hiyo jina ulimpa.”

“Nilimpa akiwa wangu!”

Shoga yangu, niliyekuja naye, akasonya, msonyo mrefu huo, chumba kizima kikausikia. Msuluhishi alimtazama juu ya miwani, ila hakumkemea.

“Na nia njema?”

Hapo ndipo mjanja alipojimaliza. Ule ujumbe wake mimi sikuwa nimeupeleka kama ushahidi. Niliona haya, nikadhani ni mambo ya wawili. Yeye mwenyewe akatoa simu.

“Mheshimiwa, mimi si tapeli. Sijamdai hata senti. Sikiliza.”

Akausoma wote, kwa sauti ya mahaba, mpaka kwenye “nakupenda sana”.

“Rudia hapo kwenye ‘ukikataa’,” msuluhishi akasema.

Akarudia. Safari hii sauti ilikuwa imeshuka.

“Kijana, umeshikilia kitu cha mtu ili akupe anachokunyima. Ungedai pesa, ningesema una nia mbaya. Umemdai yeye mwenyewe. Unataka niseme una nini?”

“Mapenzi, mheshimiwa.”

“Hee!” Huyo alikuwa mama yake, aliyekuja kumtetea. “Kaa chini, baba. Unatuaibisha.”

Akakaa. Uamuzi ukasomwa: anwani irudi kwangu, na mito yake ya sponji isiuzwe tena kwa jina la Tulizo. Nilifurahi, ila si furaha tupu. Nilikuwa na hasira bado, kwamba nimelazimika kusimama mbele ya watu kuthibitisha kuwa mimi ni mimi.

Nje kwenye ngazi akanizibia njia. Kiburi chote kimemtoka.

“Nilikuwa nakupenda kweli.”

“Ungenipenda ungeniacha nishone.”

“Nilidhani jina likiwa kwangu, na wewe utarudi.”

“Mimi si mzigo wa kufuata risiti.”

Macho yakamjaa machozi. Nusura nimwonee huruma, nikamkumbuka yule mteja na gunia lake, huruma ikaisha.

“Sasa jina limekuwa la mito,” akasema. “Mimi nitakuita nani?”

“Usiniite.”

Mama yake alikuwa amefika nyuma yetu, mkoba kwapani. Akamvuta mwanawe kwa mkono wa shati.

“Umemsikia mwenzio. Mpishe aende kazini.”